Raba Kwenye Rafu ya Hisabati

Nilikuwa na wivu. Nalisema mapema ili nisipate nafasi ya kulipamba huko mbele. Watu wa kazi yangu, tukishikwa na jambo kama hili, tunapenda kusema tulikuwa tunafuata utaratibu, au tunalinda mali ya chuo. Mimi nilikuwa na wivu, tena wivu wa mtu mzima mwenye miwani, funguo shingoni na watoto wawili sekondari.

Mimi ni mkutubi wa chuo cha ualimu hapa Musoma. Nilipokabidhiwa maktaba, sehemu ya hisabati ilikuwa rafu moja tu, na robo ya rafu hiyo ilikuwa vitabu vya ushonaji, ambavyo aliyenitangulia aliviweka humo kwa sababu vilikuwa na picha za rula. Niliapa kimoyomoyo kwamba nitaijenga sehemu hiyo kabla ya nyingine yoyote. Sababu sikumwambia mtu. Nikiwa kidato cha pili niliwahi kunyoosha mkono kuuliza kwa nini toa na toa inakuwa jumlisha. Mwalimu wetu akaniangalia kama nimemtukana, akasema, "Kaa chini. Ndivyo ilivyo." Darasa zima likacheka. Nikakaa, na kidato cha nne nikapata F ya hisabati. Miaka ikapita, nikasomea ukutubi, lakini lile benchi nililokalia siku ile sijalisahau.

Basi nikaanza kukusanya. Nilikusanya vitabu vya hisabati jinsi binti anavyokusanya vyombo vya harusi. Mjane mmoja wa Bunda, ambaye mumewe alikuwa mwalimu, alinipa viroba viwili, nikavipakia mwenyewe. Shule iliyobadilishiwa vitabu ikaniruhusu nichague kwenye vile vya zamani kabla panya hawajachagua. Wafadhili walituletea maboksi kutoka ng'ambo, yenye maswali ya baba anayezoa theluji mlangoni kwake kwa koleo, eti atamaliza saa ngapi. Nayo nikayapokea. Vilivyochanika mgongo nilivitia gundi na vipande vya suruali za jinzi.

Kila kitabu cha kupewa kilipita mikononi mwangu kwa njia moja. Nakipangusa jalada kwa kitambaa kibichi. Nafuta kwa raba kila alama ya penseli, ukurasa kwa ukurasa. Nagonga muhuri ukurasa wa jina, na mwingine ukurasa wa ishirini na moja, ambao kwetu ndio ukurasa wa siri, ili mwizi akichana ule wa mbele bado tumkamate. Ndipo nabandika namba. Mkufunzi wetu wa ukutubi alikuwa akitusisitizia kwamba kitabu kikiingia maktaba lazima kisahau kuwa kiliwahi kuwa na mwenyewe, na mimi nililishika neno hilo kama mtu aliyebatizwa jana.

Baada ya miaka tisa nilikuwa na makabati matatu yaliyojaa, upande wa madirisha yanayotazama ziwa. Nilikuwa nasimama mbele yake asubuhi kabla ya kufungua mlango, nikijisifu. Tatizo ni kwamba niliyekuwa nasimama pale ni mimi tu. Wanachuo walikuja kusoma saikolojia, walikuja kusoma hadithi za Kiswahili, walikuja kuchaji simu. Kwenye hisabati hawakugusa. Ile karatasi ya tarehe iliyobandikwa mwisho wa kila kitabu ilikuwa nyeupe. Wakati fulani niligonga muhuri wa tarehe mwenyewe kwenye vitabu vinne, ili mkuu wa chuo akipita aone vinatoka. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu: mtu asimame kwenye kaunta yangu, aombe kitabu cha hisabati, aondoke nacho, akirudishe amekisoma.

Ndipo akaja yule mwalimu wa kike wa hisabati.

Alihamia kwetu akitokea sekondari moja ya Bunda. Mzaliwa wa Kisorya, kule wanakovukia kivuko kwenda Ukerewe, mwembamba, mcheshi, umri wake kama mdogo wangu wa mwisho. Alipangishiwa nyumba mtaani kwetu Kitaji, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Hakuwa amemaliza hata mwezi nikaanza kuona ndala mlangoni kwake. Jumamosi mchana, nikitoka sokoni na dagaa wangu, naona ndala kumi, ndala kumi na tano, na ndani ya baraza wanachuo wetu wamekaa kwenye mkeka wanacheka. Nikafikiri wanapiga umbea. Nikasogea karibu na uzio, nikasikia, "Kwa hiyo x inahamia huku?" na kicheko kingine. Walikuwa wanachekea hisabati! Hisabati ambayo mimi niliililia.

Roho iliniuma mpaka dagaa nikawaunguza siku hiyo.

Jumamosi iliyofuata nikabeba bakuli nikajifanya namrudishia, ingawa halikuwa lake. "Karibu, mama, karibu uketi," akasema, akisukuma miguu ya watu inipishe. Katikati ya mkeka palikuwa na kitabu cha aljebra. Kilikuwa kimekwisha jalada, kimefungwa kwa mpira wa baiskeli, kina madoa ya chai. Nikakitambua kwa mchoro wa ukurasa wa mbele. Kitabu kile kile, toleo lile lile, kilikuwa kwenye kabati langu la kwanza, kisafi, kina muhuri, kinasubiri mtu. Nikasema bakuli nimekosea nyumba, nikaondoka. Kukifungua sikukifungua. Nilikuwa nawatazama watu waliokizunguka, na kitabu chenyewe sikukichunguza.

Jumatatu nilimbana binti mmoja kwenye kaunta. "Mbona aljebra mnakwenda kusomea kwa watu, na hapa ipo?"

"Vya kwa madamu vinaelewekaga, mama," akasema kwa adabu. "Hivi vya huku vinakuwaga vigumu."

"Ni kitabu hicho hicho!"

"Siyo hicho, mama."

Nikaona amerogwa. Nikaona chuo kizima kimerogwa na ucheshi wa mtu mmoja. Tangu siku hiyo salamu zangu kwa yule mwalimu zikawa fupi, na akija maktaba nilikuwa naangalia kompyuta hata kama imezimwa.

Muda si mrefu mkuu wa chuo akaitisha kikao. Wakaguzi walikuwa wanakuja kuangalia kama tunastahili kuanzisha stashahada ya hisabati, na jambo la kwanza watakalolitazama ni maktaba. Nikakaa wima. Hatimaye makabati yangu yangeonekana. Lakini mkuu akageukia upande wa pili. "Madamu, nasikia kwako una vitabu ambavyo wanachuo wanavikimbilia. Kwa nini visiunganishwe na vya maktaba?"

Nilitegemea atakataa. Mimi ningekataa. Yeye akafurahi. Akaeleza kwamba vile vitabu ni vya mzee aliyemfundisha sekondari huko Bunda, ambaye amestaafu na anaishi kwao Butiama, na kwamba vingine bado viko kwa mzee mwenyewe. "Twende na mama mkutubi tukamwombe," akasema. "Atafurahi vikikaa mahali pa kudumu."

Tukaenda kwa gari la chuo, tukavuka Makutano, mimi nimenyamaza, yeye anasimulia. Mzee tulimkuta nje ya nyumba yake chini ya kilima cha mawe, kofia kichwani, anasikiliza ng'ombe wakitolewa zizini. Nasema anasikiliza kwa sababu macho yake yalikuwa yamebaki na mwanga na vivuli tu. Yule mwalimu alipomwamkia, mzee alimjua kwa sauti kabla hajamaliza shikamoo.

"Wa Kisorya! Umekuja!"

Akamshika mkono na hakuuachia kwa muda mrefu. Nilisimama pembeni na mkoba wangu. Mimi hakuna mwalimu aliyewahi kunijua kwa sauti.

Tulikunywa mtindi, tukala viazi, mzee akakubali bila masharti. Yule mwalimu na dereva wakatoka kupakia maboksi, tukabaki wawili.

"Mama, na wewe ulisomaga hisabati?" akaniuliza.

"Kidogo, mwalimu."

"Vizuri. Basi utavitunza." Akapapasa boksi la mwisho lililokuwa karibu na kiti chake. "Ila nimevichafua sana. Nimeandikaandika humo miaka yote. Mtanisamehe."

"Usijali, mwalimu. Tutavisafisha."

Akacheka kwa kuridhika. "Haya, visafisheni."

Kwetu mtu akikukaribisha nyumbani atakwambia nyumba yenyewe chafu, chakula chenyewe hakuna, na wewe unajua kwamba amefagia tangu alfajiri na kuku ameshachinjwa. Wala humwitikii kwa kushika ufagio. Nalijua hilo tangu nizaliwe. Mzee alidhani namjibu kwa lugha hiyo hiyo. Lakini mimi nililichukua neno lake kama ruhusa iliyopigwa muhuri, nikatoka nalo Butiama nimelikumbatia.

Nilijifungia chumba cha nyuma cha maktaba na vitabu vyote, vya Butiama na vile vya nyumbani kwa mwalimu, na raba tano mpya.

Ningependa kusema sikuona nilichokuwa nafuta. Kitabu cha kwanza, labda. Kitabu cha pili nilikuwa naanza kusoma, na cha tatu nilikuwa najua kabisa. Pembeni mwa kila ukurasa, kwa penseli iliyokandamizwa kwa nguvu, mzee alikuwa ameandika kwa Kiswahili. "Usikimbie. Rudia mstari wa pili." "Hapa mwandishi karuka hatua mbili, ngoja nikuonyeshe." "Ukikwama hapa si wewe peke yako, mimi nilikwama wiki." Na kumbe hakuandika peke yake. Wanafunzi wake walikuwa wameuliza maswali humo humo, kila mmoja kwa mwandiko wake, naye amewajibu chini, mmoja mmoja. Yalikuwa mazungumzo ya miaka na miaka. Sasa nikaelewa kwa nini yule binti aliniambia siyo kitabu hicho.

Kuelewa nikaelewa, na bado nikaendelea kufuta. Nilijiambia utaratibu ni utaratibu.

Kwenye ile aljebra ya madoa ya chai, karibu na katikati, nikakuta mwandiko wa mviringo, juu ya kila i pametiwa kiduara badala ya nukta. Viduara hivyo nilivijua. Ndivyo yule mwalimu anavyojazia fomu zetu mpaka leo. Aliandika akiwa bado msichana mdogo: "Mwalimu, kwa nini toa na toa inakuwa jumlisha? Ni mimi wa Kisorya."

Swali langu. Swali langu lile lile.

Chini yake jibu la mzee lilijaza ukingo wote wa ukurasa, likakunja kona, likaendelea juu. Nilisoma mstari wa kwanza tu: "Swali zuri sana, mwanangu." Sikuweza kusoma wa pili. Nilishika raba nikafuta kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua, nikafuta mpaka karatasi ikatoa manyoya, mpaka ukiishika juu unauona mwanga. Yeye aliambiwa swali zuri. Mimi niliambiwa nikae chini. Hakuna siku nimemwonea mtu wivu kama nilivyomwonea yule msichana ambaye hata hayupo tena, amekwisha kukua.

Nilimaliza vitabu vyote wiki hiyo. Nikagonga mihuri, nikabandika namba, nikavipanga.

Siku nilipovifungulia, walikuja. Nilipata nilichokitaka: foleni kwenye kaunta, watu wanaomba hisabati. Nilikaribia kulia kwa furaha. Wakachukua, wakaketi, wakafunua. Halafu nikaona wanafunua haraka haraka, wanarudi nyuma, wanatazamana. Mmoja baada ya mwingine wakavifunga vitabu, wakavirudisha mezani. Yule binti wa siku ile akaja mpaka kaunta.

"Mama, maandishi yameenda wapi?"

Nikajifanya natafuta muhuri. Mchana akaja mwalimu mwenyewe. Alifungua kitabu cha kwanza, cha pili, cha tatu, wima pale pale mbele ya kabati. Kisha akaketi kwenye kiti cha wanachuo.

"Umefuta, mama?"

"Ndiyo utaratibu wa maktaba."

"Vyote?"

"Vyote."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Alitoa leso akaikunja, akaikunjua. "Mzee asijue," akasema mwishoni. "Nimeshamwahidi siku ya wakaguzi nitamleta avishike. Asijue, tafadhali. Hilo ndilo alilobaki nalo."

"Nitayarudisha," nikasema. Sijui nililitoa wapi neno hilo.

"Utayarudishaje? Wewe hisabati unaijua?"

Hakuniuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, na ndiyo maana liliniuma. Akaondoka, na hakukanyaga maktaba tena mpaka siku ya wageni.

Nilichokigundua asubuhi iliyofuata nilikigundua kwa bahati. Niliacha kitabu kimoja wazi dirishani, jua linaingia kwa ubavu, nikaona kwenye karatasi mistari myembamba kama njia za sisimizi. Mzee alikuwa anakandamiza penseli. Rangi niliifuta, alama zilibaki zimezama. Ukikishika kitabu kwa kuinamisha, mwanga ukapita juu juu, yanasomeka.

Nikachonga penseli. Kila siku saa ya chakula cha mchana nilifunga mlango wa chumba cha nyuma, nikainamisha kurasa dirishani na kupita juu ya mistari ile herufi kwa herufi. Mahali mstari ulipofifia ilinibidi nifikiri mzee alikuwa anataka kusema nini, na kufikiri huko kukanilazimisha kufanya hesabu yenyewe kwenye karatasi ya pembeni. Jambo la ajabu, zilitoka. Siyo zote, ila zilitoka. Nikiwa na miaka arobaini na minane, nikila muhogo wa kuchemsha kwa mkono mmoja, nilitafuta x nikaipata, nikapiga meza mpaka mhudumu akagonga mlango kuuliza kama nimeanguka.

Wivu haukuniisha kwa sababu hiyo, usinielewe vibaya. Uliongezeka. Niliwaonea wivu watoto wote walioandika humo, ambao wengine sasa lazima ni wazee wenye wajukuu. Nilikuwa naandika kwa mkono wangu majibu mazuri waliyopewa watu wengine.

Ukurasa mmoja tu ndio ulionishinda. Unaujua. Swali la msichana lilisomeka, maana viduara vyake vilizama. Jibu la mzee halikuwepo. Nililifuta kwa hasira mpaka mistari yenyewe ikaondoka na manyoya ya karatasi. Niliuinamisha, nikaugeuza, hakuna. Palibaki "Swali zuri sana, mwanangu", halafu weupe.

Ningeweza kumuuliza mwalimu. Lazima alikuwa analijua jibu hilo kwa moyo. Ningemeza raba kwanza. Nikatunga mwenyewe, nikiigiza mikia mirefu ya y za mzee: "Toa na toa inakuwa jumlisha kwa sababu ni kanuni. Ikariri." Nikaweka na mfano, ili uonekane wa kweli. Nikajisikia fundi.

Siku ya wakaguzi ilifika. Walikagua, wakaandika, wakauliza maswali ya kwenye fomu zao, na mkuu akawachukua ofisini kunywa chai. Maktaba wakabaki wanachuo, mzee aliyeketishwa kwenye benchi la dirishani, na yule mwalimu aliyemleta. Mwalimu alikwenda kabatini, akafungua kitabu kimoja, akasimama nacho muda mrefu. Akanitazama. Hakusema asante, wala sikuitegemea, lakini alichukua kitabu cha pili, na cha tatu.

Mzee alikuwa anapapasa migongo ya vitabu vilivyopangwa mapajani mwake. "Nisomeeni kidogo," akasema. "Nisomeeni ule ukurasa wa toa na toa, wa huyu binti yangu wa Kisorya. Kwenye aljebra."

Yule mwalimu akasema, "Mwalimu, tusome mwingine, huo mrefu." Lakini yule binti wa kaunta alikuwa ameshaufikia, anaujua ulipo. Akasoma kwa sauti swali la msichana wa Kisorya. Mzee akatabasamu. Binti akasoma, "Swali zuri sana, mwanangu." Mzee akaitikia kwa kichwa, midomo yake ikitangulia maneno yanayofuata.

"Toa na toa inakuwa jumlisha kwa sababu ni kanuni. Ikariri."

Midomo ya mzee ikasimama.

"Mfano," binti akaendelea. "Kumi, toa, fungua mabano, x toa tatu, funga mabano. Tunapata kumi toa x toa tatu. Jibu ni saba toa x."

Nje kulikuwa na mtu anafagia.

"Rudia," mzee akasema. Binti akarudia, sauti imepungua. Mzee akakichukua kitabu, akakisogeza karibu kabisa na macho yasiyoona, kama vile ataweza. "Saba? Nimeandika saba? Na nimemwambia mtoto akariri?" Akageukia alikokuwa yule mwalimu. "Na ninyi mlisoma hivi? Kumbe miaka yote nimewapoteza watoto wa watu, na hakuna aliyeniambia?"

Mwalimu alinitazama. Hakunionyesha kidole, angeweza. Nilimwona mzee ameweka mikono juu ya muhuri wangu, amebeba kosa langu kama lake, na watu kumi na watano wanasikia. Ningenyamaza, lingebaki lake.

"Mwalimu," nikasema, na miguu ikanipeleka mbele. "Hilo halikuwa jibu lako. Ni langu. Nilifuta maandishi yako yote kwa raba. Mengine nimeyarudisha, hilo nilishindwa, nikatunga. Kosa ni langu."

"Ulifuta? Kwa nini?"

Ningesema utaratibu. "Kwa wivu," nikasema.

Mzee akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea hata kidogo. "Hiyo saba uliipataje?"

"Kumi toa tatu, mwalimu."

"Kaa hapa." Akapiga benchi pembeni yake, upande wa kulia. Nikakaa. "Una sato kumi. Mimi nakuja na ndoo yangu. Ndoo ikijaa inabeba sato x. Lakini leo tumekubaliana utanipa ndoo iliyopungua samaki watatu. Sawa? Sasa wewe kwa haraka umenijazia ndoo nzima. Umetoa x. Umezidisha au umepunguza?"

"Nimezidisha. Watatu."

"Kwa hiyo hao watatu waende wapi?"

"Warudi kwangu."

"Wakirudi kwako unawatoa au unawajumlisha?"

Miaka thelathini na kitu, nilikuwa nimekaa chini na jambo lenyewe lilikuwa samaki watatu wanaorudi kwenye beseni langu. "Kumi na tatu," nikasema. "Kumi na tatu toa x."

"Swali zuri sana, mama," mzee akasema, ingawa sikuwa nimeuliza. Akaomba penseli. "Haya, tuandike upya. Andika wewe, mimi nakwambia."

Tukaanza, taratibu, neno kwa neno, mimi naandika pembeni mwa karatasi ile yenye manyoya, yeye ameweka kiganja begani kwangu ili ajue nimefika wapi.

"Mwalimu, chai inapoa," akasema yule mwalimu nyuma yetu.

"Ngoja, mwanangu. Mama hapa ndiyo anaelewa."

Tukaendelea. Baada ya muda sauti ikaja tena, karibu zaidi. "Mwalimu, wakaguzi wanakusubiri. Hayo si tutayaandika siku nyingine?" Nikainua macho. Alikuwa amesimama na kikombe mkononi, anatazama kile kiganja begani kwangu, anatazama jibu lake la utotoni likiandikwa kwa mwandiko wangu. Sura ile niliijua. Niliivaa miezi yote ile nikipita nje ya uzio wake na dagaa wangu.

Upande wangu wa benchi palikuwa na nafasi ya mtu wa tatu, kama ningejivuta kidogo. Sikujivuta mpaka tulipomaliza mstari wa mwisho.